Barua Niliyoitia Saini

Kwa miaka mingi niliamini kwa moyo wote kwamba mtu mwenye ndege yake ni tajiri, na kwamba tajiri huyo ananinyonya mimi mpakia mizigo. Sikuiona imani hiyo kuwa chuki. Niliiona kuwa haki. Ninaandika ushuhuda huu kwa ajili ya ndugu aliye pale nilipokuwa mimi, hasa anayefanya kazi kwenye viwanja vya ndege huku Marekani, ambaye kila baada ya miaka michache husikia tena kwamba wenye ndege ndogo wanatumia anga bure na kwamba umefika wakati wa kuwatoza ada kwa kila safari.

Mimi ni mtoto wa Mbulu. Nimekulia karibu na Haydom, penye hospitali ya Kilutheri iliyojengwa na wamisionari wa Norwei miaka ya 1950. Wakati wa masika barabara ilikuwa tope tupu, na kilichofika kwa uhakika kilitoka juu: ndege ndogo yenye propela moja, ikishuka kwenye kiwanja kisicho na lami. Watoto tulikimbia kuishangaa, lakini mama zetu hawakushangaa. Walijua imeleta daktari au dawa, au imekuja kumchukua mgonjwa ambaye asingeifikia Arusha kwa gari. Nayasema haya mapema kwa sababu ilinipasa kuyakumbuka baadaye, na sikuyakumbuka.

Nilifika Denver mwaka 2003, nikaajiriwa na shirika moja la ndege kupakia na kupakua mizigo. Kazi ilikuwa halali na nilishukuru kuipata. Ilikuwa nzito pia, na majira ya baridi vidole vilikufa ganzi ndani ya glavu. Ng'ambo ya uwanja tuliona jeti binafsi zikitua, na watu wakishuka na mifuko ya gofu kuelekea kwenye magari yaliyokuwa yakiwasubiri. Kwa kuwa hao ndio niliowaona, nikadhani hao ndio wote.

Mwaka 2007 serikali ya Rais Bush ilipeleka bungeni pendekezo la kubadili namna ya kulipia huduma za anga. Hadi hapo fedha nyingi zilitoka kwenye mfuko maalumu ulioanzishwa mwaka 1970, unaojazwa na kodi ya asilimia 7.5 kwenye tiketi ya abiria, pamoja na kodi ya mafuta na tozo nyingine. Pendekezo lilisema mashirika makubwa yalipe ada kulingana na huduma yanazotumia, na kodi ya mafuta ya ndege ndogo ipande kutoka senti 19.3 kwa galoni hadi senti 70. Ndani yake zilikuwamo pia ada za kusajili ndege na za kutoa vyeti. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, FAA, ilieleza kuwa ndege zisizo za mashirika zinasababisha takriban asilimia 16 ya gharama lakini zinachangia takriban asilimia 3 tu ya mapato ya kodi hizo. Kazini kwetu takwimu hizo mbili zilirudiwa hadi tukazikariri.

Ikaletwa barua ya kupeleka kwa wabunge, ya kuunga mkono pendekezo hilo. Nilitia saini. Sikuishia hapo: wakati wa mapumziko nilizunguka na kalamu, nikawashawishi wenzangu, Wahabeshi na Wameksiko na Wakenya wawili, nikiwaambia kwamba tajiri lazima alipe. Hakuna aliyenituma kufanya hivyo. Nilifanya kwa hiari yangu, na usiku ule nililala nikijiona mtetezi wa wanyonge. Pendekezo lile halikupita, nami nilisononeka kana kwamba nimeibiwa.

Baada ya miaka miwili mke wangu, ambaye ni muuguzi, alipata kazi katika hospitali ndogo kaskazini mwa Nebraska, eneo la vilima vya mchanga vilivyofunikwa na majani, penye ng'ombe wengi kuliko watu. Tulihamia huko. Mji wetu hauna ndege ya abiria. Una kiwanja kidogo chenye njia moja ya kurukia, mabanda machache ya bati na pampu ya mafuta. Marekani ina viwanja zaidi ya 5,000 vilivyo wazi kwa umma, na vinavyofikiwa na mashirika ya abiria kwa ratiba ni kama 500 tu. Sikuwahi kujiuliza hivyo vingine vinamhudumia nani.

Mwaka 2010 tulijaliwa mtoto wa kiume mwenye kasoro ya moyo. Alifanyiwa upasuaji Omaha akiwa mchanga, na baada ya hapo alitakiwa kurudi mara kwa mara kwa uchunguzi. Kwa gari ni mwendo wa saa tano kwenda na saa tano kurudi, theluji isipokuwapo. Nilianza kupoteza siku za kazi. Mke wangu alimaliza likizo yake yote. Safari moja mtoto alibadilika rangi tukiwa njiani, midomo ikawa ya buluu, na hapakuwa na mji karibu. Tulisimama kando ya barabara, mke wangu akimhudumia kiti cha nyuma na mimi nimeshika usukani wa gari lililozimwa, nikiomba. Alipona saa ile, kwa rehema za Mungu. Lakini tangu siku hiyo niliiogopa barabara ile.

Mhudumu wa ustawi wa jamii pale hospitalini ndiye aliyetuambia kuhusu marubani wa kujitolea. Ni watu wenye ndege ndogo wanaobeba wagonjwa bila malipo, kwa mafuta yao na muda wao. Nilikataa. Nilimwambia mke wangu kwamba sitaki fadhila za matajiri. Hakubishana nami. Alisema tu kwamba mtoto si wangu peke yangu, kisha akapiga simu mwenyewe.

Rubani aliyekuja alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya sekondari, mjane, mwenye mikono ya mtu aliyelima. Nilimwita Mzee tangu siku ya kwanza, kama ningemwita nyumbani, na nilipomweleza maana yake alipendezwa nalo. Ndege yake ilikuwa Cessna 182, ya zamani kuliko mimi, rangi yake imepauka upande unaopigwa na jua. Aliinunua pamoja na kaka yake walipouza ng'ombe mwaka mmoja wa bei nzuri, na kaka alipofariki ikabaki kwake. Gari lake lilikuwa bovu kuliko langu. Nililiangalia gari lile, nikaiangalia ndege, na kwa mara ya kwanza hesabu yangu ya nani ni tajiri ikaanza kunichanganya.

Tuliondoka asubuhi ya Oktoba 2011. Mke wangu alikaa nyuma na mtoto, mimi nikakaa mbele kulia nikiwa nimevaa visikizio. Kabla ya kuruka Mzee alikuwa amepiga simu ya bure ya huduma ya hali ya hewa, akauliza maswali mengi kwa utulivu, akaandika majibu kwenye karatasi. Kisha akawasilisha mpango wa safari yake. Tulipofika juu alizungumza na kituo cha kuongozea ndege cha Minneapolis, na mwanamke mwenye sauti ya upole akawa anatufuatilia kwa rada. Mbele yetu rubani mwingine alikuwa ameripoti barafu kwenye mbawa katika mawingu. Yule mwanamke alituambia mara moja. Mzee aliomba kushuka chini zaidi, akaruhusiwa. Baadaye aliuliza hali ya Omaha, akajibiwa kuwa ukungu bado umelala. Aliuliza tena baada ya muda. Aliuliza Norfolk, mji ulio njiani, kukoje, akaambiwa ni kweupe. Basi akasema, bila haraka, kwamba tutatua Norfolk tusubiri.

Tulitua salama. Katika chumba kidogo cha kusubiria palikuwa na kahawa, na mwanangu akalala kifuani mwa mama yake. Mezani palikuwa na gazeti lililoandika habari ambayo sikuwa nimeisikia: mwezi mmoja nyuma, Septemba, Rais Obama katika mpango wake wa kupunguza nakisi alikuwa amependekeza ada ya dola 100 kwa kila safari ya ndege katika anga inayoongozwa.

Nilimwuliza Mzee swali ambalo lilikuwa limenikaa kooni tangu juu. Nilitaka kujua yule mwanamke wa Minneapolis atamdai kiasi gani kwa kuzungumza naye muda wote ule. Alinitazama kama aliyekuwa hajaelewa, kisha akasema hadaiwi kitu, ameshalipa kwenye pampu. Kila galoni ya mafuta ya ndege kama yake ina senti zile 19.3 za kodi inayoingia kwenye mfuko wa huduma za anga. Anayeruka sana hulipa sana, anayeruka kidogo hulipa kidogo, na hakuna ankara wala karani.

Nikamwonyesha gazeti. Alikuwa ameshalisoma. Alisema kwa uaminifu kwamba pendekezo lile halimgusi, maana ndege za injini ya pistoni zinazorushwa kwa starehe binafsi zimesamehewa, pamoja na za jeshi, za serikali na za kubeba wagonjwa wa dharura. Zilizolengwa hasa ni jeti na ndege nyingine za injini ya tabaini, na humo wamo wakulima na wafanyabiashara wadogo anaowafahamu. Lakini msamaha, alisema, huandikwa kwa kalamu ile ile inayoweza kuufuta. Siku mashine ya kutuma ankara kwa kila safari ikishajengwa, itatafuta safari za kutosha kuilisha.

Kisha akanyoosha kidole dirishani, kwenye ndege yake iliyosimama pale. Leo, akasema, tungehesabiwa safari mbili badala ya moja, kwa sababu tumetua kusubiri. Msamaha ungekuwa umefutwa, kwa ada ile hiyo ingekuwa dola 200 hadi kufika Omaha. Akaongeza kwamba yeye angetua tu. Ila amewafahamu marubani ambao wangetazama saa, wakatazama mfuko, wakaendelea mbele.

Ndugu msomaji, neno hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimeyafikiria malipo ya anga kwa miaka minne kama suala la nani ana fedha na nani hana. Sikuwahi kufikiri kwamba fedha zinaweza kuwekwa mahali ambapo mtu anatakiwa aombe msaada, zikamfanya asiombe. Mke wangu na mwanangu walikuwa ndani ya ndege ile. Wokovu wetu asubuhi ile ulikuwa mzee mmoja aliyeuliza na kuuliza tena, na mwanamke mmoja aliyejibu, na uamuzi wa kutua mapema. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa na bei iliyobandikwa juu yake.

Nilimwambia. Sikuweza kuinywa kahawa yake huku nimenyamaza. Nilimweleza kuhusu Denver, kuhusu barua, kuhusu kalamu niliyozungusha kwa wenzangu, na maneno niliyoyasema juu ya watu kama yeye. Nilitarajia angalau akasirike kidogo. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema kwamba kama angekuwa anapakia mizigo kwenye baridi ile na kuona wanavyoshuka wenye mifuko ya gofu, labda angetia saini pia. Kisha akauliza miadi inayofuata ya mtoto ni lini, ili aiandike kwenye kalenda yake. Akatoa kalenda.

Sina neno jingine la kuliita hilo isipokuwa neema. Nilikuwa nimefanya kazi ya kumzuia asiruke, naye akawa anapanga kumrusha mwanangu.

Nisidanganye kwamba nilibadilika siku hiyo hiyo. Shukrani ilinijia mara moja, lakini akili yangu ilikuwa imejengwa juu ya zile asilimia 16 na 3, na haikukubali kuachia. Nilijiambia kwamba Mzee ni mtu mwema mmoja, na wema wa mtu mmoja haugeuzi hesabu. Majira yale ya baridi nilianza kwenda kiwanjani jioni baada ya kazi. Fundi wa pale aliniruhusu kufagia na kumshikia taa alipokuwa akifungua injini, nami nikawa namwuliza maswali. Alinivumilia sana.

Polepole nilianza kuona mambo ambayo takwimu zile hazikuyasema. Minara, rada na waongoza ndege wengi wako pale walipo kwa ajili ya msongamano wa mashirika makubwa, pale ndege zinapofika kwa makundi asubuhi na jioni kwa sababu mashirika yamepanga ratiba hivyo. Ndege ndogo ikipita pembeni hutumia huduma iliyokwisha kujengwa. Kwenye kiwanja chetu hakuna mnara kabisa, marubani wanatangaziana wenyewe kwa redio. Je, gharama ya mnara wa Denver igawanywe kwa kuhesabu kila anayepita, au kwa kuangalia ulijengwa kwa ajili ya nani? Watu waaminifu wanaweza kutofautiana hapo, na sidhani kwamba FAA walisema uongo. Lakini mimi nilikuwa nimekariri jibu bila kujua kwamba kulikuwa na swali.

Niligundua pia kwamba ile kodi ya asilimia 7.5 tuliyosema kazini kuwa mashirika yetu yanalipa, kwa kweli hulipwa na abiria, na shirika huikusanya tu.

Ugumu mwingine ulikuwa kwenye neno dola 100 lenyewe, kwa sababu linasikika dogo. Kwa ndege ya shirika yenye abiria 150 ni chini ya dola moja kwa kila kiti. Kwa Mzee, safari ile ya Omaha ilichoma galoni zipatazo 25, maana yake kodi ya karibu dola 5. Kwa pendekezo la 2007, lile nililoliunga mkono kwa saini yangu, ingekuwa zaidi ya dola 17. Ada ya kila safari haiangalii ukubwa wala umbali, kama kizuizi cha barabarani kinachomtoza mwenye baiskeli sawa na mwenye basi. Na rubani hufanya safari nyingi ambazo si za kwenda popote. Sheria ya Marekani inamtaka awe ameruka na kutua angalau mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita kabla hajabeba abiria. Kila baada ya miezi 24 lazima apimwe na mkufunzi. Mazoezi hayo ndiyo yaliyomfanya Mzee awe mtulivu siku ile. Ukiyawekea bei, watapatikana marubani watakaofanya machache iwezekanavyo, kisha siku ya ukungu watakuwa na abiria ndani.

Januari 2012 Ikulu ya Marekani ilijibu ombi la wananchi waliopinga, ikalitetea pendekezo lake. Nilisoma jibu lile mara nyingi. Hoja zake hazikuwa za kijinga. Zilisema kwamba wenye jeti hulipa sehemu ndogo ya gharama wanazosababisha, na jambo hilo bado naliona lina uzito. Mwenye jeti akiongezewa kodi kwenye mafuta yake, mimi sitaandamana. Nilichokuwa nimeanza kukikataa ni ile njia: ankara kwa kila safari, na ofisi ya kuhesabu safari hizo. Nchi jirani ya Kanada ilikabidhi huduma zake za anga kwa shirika la Nav Canada mwaka 1996, na huko ndege nyepesi za binafsi kwa kawaida hulipa ada ndogo ya mwaka. Ada ya mwaka unailipa ukiwa nyumbani mezani. Hailetwi kwako ukiwa ndani ya wingu.

Februari 14, 2012, Rais Obama alitia saini sheria ya FAA iliyokuwa imekwama tangu 2007, ikiishi kwa nyongeza za muda mfupi mfupi zilizofika 23. Haikuwa na ada ya kila safari. Kabla ya hapo, kwenye meza ile ile ya jikoni ambapo mke wangu alikuwa amepiga ile simu, niliandika barua ya pili kwa mbunge. Ya kwanza ilikuwa imechapishwa tayari, nikaweka saini tu. Hii niliiandika kwa mkono wangu, kwa Kiingereza changu chenye makosa, nikaeleza habari ya Norfolk. Nilikiri pia kwamba niliwahi kuunga mkono upande wa pili.

Pendekezo la dola 100 lilirudi katika bajeti zilizofuata na halikupita. Miaka ya 2016 hadi 2018 alikuja mbunge Bill Shuster na mpango wa kuwakabidhi waongoza ndege kwa shirika lisilo la faida litakalojiendesha kwa ada. Ndege ndogo ziliahidiwa msamaha. Mpango huo nao ulikosa kura za kutosha, akakiri hivyo Februari 2018.

Mwanangu alikua. Daktari wa Omaha alipunguza miadi, kisha akaipunguza tena. Mzee alitubeba kwa muda wote tuliohitaji, na hakuwahi kuleta habari ya barua. Miaka hiyo nilijifunza kuruka, taratibu, kila fedha ilipopatikana. Sasa nina robo ya Cessna 172 ya miaka ya 1970. Wenzangu ni mkulima, dereva wa lori na mwalimu wa kike wa hesabu. Tuliinunua kwa bei iliyo chini ya ile ya pikapu mpya. Gharama inayotutesa ni ukaguzi wa kila mwaka, bima na kodi ya banda, na kuna miaka tulikaribia kuiuza. Nimejiunga na kundi lile lile la kujitolea. Nilipombeba mgonjwa kwa mara ya kwanza, bibi mmoja aliyekuwa akienda kwenye tiba ya saratani, nilipiga simu ya hali ya hewa, nikauliza, nikauliza tena.

Ukiwa bado unapakia mizigo, ndugu yangu, waangalie pia marubani wa ndege unayoipakia. Tangu 2013 wengi wao wanatakiwa kuwa na saa 1,500 za kuruka kabla ya kuajiriwa na shirika, na saa hizo kwa sehemu kubwa wamezipata ndani ya vindege vya pistoni, wakiwafundisha wengine kutua na kuruka kwenye viwanja kama cha kwetu. Mimi niliwapakia mizigo kwa miaka bila kuuliza walikotoka.

Jambo lenyewe halijaisha, limebadili mlango. Tangu Januari 1, 2020 ndege nyingi zinazoingia katika anga yenye shughuli nyingi lazima ziwe na kifaa kiitwacho ADS-B, kinachotangaza mahali zilipo ili waongoza ndege na marubani wengine wazione. Tulilipia vifaa hivyo wenyewe, tukiambiwa ni vya usalama, na ni kweli ni vya usalama. Sasa yako makampuni yanayosoma ishara hizo na kuvisaidia viwanja kutuma ankara za kutua. Mwaka 2025 uliwasilishwa bungeni muswada wa kuzuia ishara za usalama zisitumike kukusanya ada. Ninauunga mkono kwa sababu ile ile ya Norfolk. Rubani asiwekwe mahali ambapo kuonekana kunamgharimu.

Mwaka huo huo halmashauri ya mji wetu ilipokea ofa ya namna hiyo. Lami ya kiwanja imepasuka na fedha za kuiziba hazipo, hilo ni tatizo la kweli. Mjumbe mmoja, kijana mchapakazi anayeendesha duka la vipuri, alisimama akasema kwamba wenye ndege ni matajiri na wakati umefika walipe. Alisema karibu neno kwa neno yale niliyoyasema mimi kwa wenzangu kule Denver. Sikuweza kumkasirikia. Nilimwomba aje kiwanjani Jumamosi, akaja na binti yake. Nilimwonyesha hesabu zetu wanne, mafuta, bima, ukaguzi, bila kuficha kitu. Nikamsimulia kuhusu barua. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza swali ambalo lilikuwa la haki kabisa: kama si ankara za kutua, lami italipwa na nini?

Tulilijibu pamoja, kwa wiki kadhaa za vikao. Mwishowe halmashauri iliamua kuongeza senti chache kwenye kila galoni inayouzwa kwenye pampu yetu na kupandisha kodi ya mabanda. Naye alipiga kura ya ndiyo. Kodi ya banda letu imepanda tangu mwezi uliofuata, na robo yangu naitoa bila kinyongo.